Gari la Ami Lilikuwa na Rangi Gani?

Ukiingia Ghala ya viwanda, pua ndiyo inayokwambia umefika: rangi ya gari, thina, mpira wa tairi, na ikifika saa saba mchana, biriani. Huku ndiko Maskati inakopeleka milango yake iliyobonyea. Mie kwa kawaida huja mara moja kwa mwaka, na huja nimenuna. Mwaka jana nilikuja mara sita, na gari langu halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilikuwa natafuta rangi ya gari lenye urefu wa sentimita 14.

Gari lenyewe ni Saladin, gari la deraya la magurudumu sita. Hili letu ni la plastiki, na mwanangu wa miaka 14 ndiye aliyeliunga juu ya meza ya kulia chakula. Siye siku hizi tunakula chini sebuleni, maana meza imeshatekwa.

Kwa wasioijua kazi hii: modeli huja ndani ya boksi, vipande mia na ushee vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Unavikata, unavipiga msasa, unaviunga kwa gundi, halafu unapaka rangi. Kipimo kinachopendwa na wengi ni 1/35, yaani kila sentimita 35 za gari la kweli zinakuwa sentimita moja mezani. Kuunga si kazi. Kazi ni kujua unaunga gari lipi, la nani, la mwaka gani, na lilikuwa na rangi gani siku hiyo. Hapo ndipo watu wazima wanapogombana, na hapo ndipo na mie nilipoingizwa.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alifika Maskati mwaka 1971 akitokea Unguja, kijana wa miaka 19. Mwaka uliofuata akaingia jeshini, na mwaka 1974 alikuwa Dhofar, mpiga mzinga wa Saladin. Vita vile havisimulii. Anayo picha moja tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja: yeye na wenziwe wawili wamesimama mbele ya gari, jua limewafumbisha macho. Watu watatu, kwa sababu Saladin hubeba watu watatu: mkuu wa gari, mpiga mzinga na dereva. Sukari imemla ami macho, na picha hiyo sasa huishika zaidi kuliko anavyoiona.

Mwanangu akasema atamuungia gari lile, ampe tarehe 11 Disemba, Siku ya Vikosi, siku ambayo mwaka 1975 ilitangazwa kwamba vita vya Dhofar vimekwisha. Wazo zuri, mashaallah. Boksi likaagizwa, gari likaungwa kwa wiki tatu, likapakwa kijani kizito kama ilivyochorwa kwenye boksi. Tukalipeleka Ijumaa baada ya chakula. Ami akalisogeza dirishani, akalitizama kwa ubavu wa jicho, akalipapasa.

"Zuri, baba. Lakini hili la Waingereza. La kwetu halikuwa hivi."

Kijana akauliza: lilikuwaje? Ami akafikiri kitambo. "Rangi ya vumbi," akasema, akaomba chai.

Basi tukarudi nyumbani na gari letu la Waingereza.

Ami alikuwa na haki. Saladin ilitengenezwa Coventry, Uingereza, na kampuni ya Alvis, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1972. Jina ni la Salahuddin al-Ayyubi. Alvis walikuwa wakipenda kuyaita magari yao kwa herufi S, na baadaye wakaja na Scorpion, Scimitar, Spartan, hata Sultan. Mwenye boksi humchorea mnunuzi wake wa kwanza, naye ni Mwingereza, kwa hivyo gari linakuja na kijani cha Ulaya na namba za Ulaya. Lakini Saladin ndiyo gari lililosambaa Ghuba nzima. Oman ilikuwa nalo, na majirani pia. Wakuweiti walikuwa nalo hata asubuhi ile ya tarehe 2 Agosti 1990 Wairaki walipoingia, na lilionekana barabarani likijaribu kuwazuia, gari lenye umri wa mzee mbele ya vifaru.

Kwa hivyo ukitafuta picha ya "Saladin Arabuni" unapata mia, na tisini siyo unayoitaka. Nyingi ni za Aden. Jeshi la Uingereza lilikuwa na Saladin kule mpaka lilipoondoka Novemba 1967, na majabali ya Aden kwa mtu asiyeyajua yanafanana na majabali ya popote. Kijana wangu alijifunza kutizama sahani ya namba kwanza, kabla ya kitu kingine chochote: namba za jeshi la Uingereza za wakati ule zina tarakimu mbili, herufi mbili za Kilatini, tarakimu mbili. Ukiiona hiyo, hata kama nyuma yake pamesimama ngamia, weka picha pembeni. Na ukikuta Saladin ambayo haina ile bastola-rashasha ndogo iliyo sambamba na mzinga, usidhani imevunjika. Wajerumani walinunua za polisi wao wa mpakani bila ya bunduki hiyo.

Halafu kuna ndugu yake, Saracen. Magurudumu ni yaleyale sita, mzazi mmoja, na watu huyachanganya kila siku. Saracen hubeba askari, kwa hivyo injini yake iko mbele na milango iko nyuma. Saladin injini iko nyuma, mbele anakaa dereva peke yake, na juu kuna kichwa chenye mzinga wa milimita 76. Picha ya ami ilionyesha pua fupi na kidirisha cha dereva kimelazwa mbele. Hapo hatukuwa na shaka.

Nisimame kidogo, maana najua wazazi wengi wanaosoma hapa watoto wao hawaungi Saladin. Wanaunga Challenger 2. Oman iliagiza vifaru hivi 18 mwaka 1993, na vingine 20 mwaka 1997, jumla 38, na hakuna nchi nyingine iliyovinunua nje ya Uingereza yenyewe. Mtoto wa Maskati akiona boksi la Challenger 2 anasema hiki chetu. Si chetu. Maboksi mengi ni ya Mwingereza wa Basra mwaka 2003, yenye deraya nene za ubavuni zilizofungwa kwa ajili ya vita vile. Cha Oman kiliagizwa na mitambo mikubwa zaidi ya kupozea injini huko nyuma, na kiyoyozi, na juu ya kichwa kimewekwa rashasha nzito ya milimita 12.7, pale ambapo Mwingereza ana ndogo ya 7.62. Hiyo rashasha ndiyo ya kutizama kwanza, kwa sababu inaonekana hata kwenye picha mbovu.

Na mtego ni uleule wa Aden. Mwaka 2001 Waingereza walikuja na Challenger 2 zao hapa hapa, kwenye mazoezi ya Saif Sareea II. Vumbi letu jembamba likaziba vichujio vyao vya hewa kwa saa chache tu, ikawa habari kubwa bungeni kwao. Kwa hivyo picha yenye maandishi "Oman, 2001" inaweza kuwa ya kweli kabisa na kifaru bado kisiwe cha Oman.

Kama boksi limeandikwa Challenger 1, rudisha dukani. Hicho hakikuwahi kuwa chetu. Walikichukua Wajordani, wakakiita Al-Hussein. Utakijua kwa kisanduku cha kamera ya joto: Challenger 1 kimebandikwa ubavu wa kulia wa kichwa, Challenger 2 kimepanda juu ya mzinga. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, Oman ilikuwa na Chieftain, na ile iliyotengenezewa Oman iliitwa Qayd al-Ardh, jina ambalo peke yake linatosha kumfanya mtoto atake kuliunga. Angalieni tu msimpakie rangi ya Berlin. Kuna maboksi ya Chieftain yenye miraba ya kijivu, kahawia na nyeupe, rangi iliyobuniwa ifanane na majumba ya mji ule. Nimeiona sebuleni kwa watu, na bendera ya Oman imebandikwa juu.

Ndugu zetu wa Bara nao wana yao. Mtoto wa ami mwingine, yuko Dar, aliposikia habari hizi akataka kifaru cha Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Akatumiwa T-55 na mtu asiyejua. Tanzania ilipigana na Type 59, ambayo ni T-54 iliyotengenezwa China. Uganda ya Idi Amin ndiyo iliyokuwa na T-55, pamoja na Sherman kuukuu kutoka Israeli. Tofauti ya haraka ya T-54 na T-55 iko juu ya kichwa, upande wa kulia: T-54 ina kofia ya duara ya kutolea hewa kama uyoga, na Type 59 inayo pia. T-55 haina. Kofia moja ndogo, na umemgeuza mshindi kuwa mshindwa.

Turudi Ghala.

Umbo tulikuwa nalo. Rangi hatukuwa nayo, na picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Tulikwenda Bait al Falaj, Ruwi, makumbusho ya vikosi, ngome ya karne ya kumi na tisa yenye magari, mizinga na ndege uani. Watoto walifurahi, na mie nikajifunza jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha: makumbusho huenda kutizama umbo, si rangi. Gari la makumbusho, popote duniani, hupakwa upya kila linapochakaa, na anayepaka ana ndoo aliyopewa siku hiyo.

Basi kijana akaanza kuisoma picha yenyewe, na hapa nilimvulia kofia. Alisema picha isiyo na rangi bado ina ushahidi, ukitafuta kitu ambacho rangi yake unaijua. Ami kajitanda kilemba cheupe. Tairi ni jeusi. Gari liko wapi kati ya viwili hivyo? Lilikuwa karibu na kilemba, mbali na tairi, kwenye upande wa jua na kwenye kivuli vilevile. Kijani kizito kingetoka karibu na tairi. Kwa hivyo kijani hakipo, ami hajasahau. Lakini mchanga, kaki iliyopauka na kijivu chepesi vyote vinatoka sawasawa kwenye filamu ya namna hiyo. Mpaka hapo picha ikanyamaza.

Waingereza wana orodha ya rangi zao yenye namba, iitwayo BS 381C. Kijani kile cha kwenye boksi ni namba 224. Rangi ya mchanga waliyozoea kupaka magari ya jangwani ni namba 361, nayo inaitwa Jiwe Jepesi. Na Ghala, ndugu zangu, ukiwa na namba unapata rangi yoyote iliyoumbwa. Fundi tuliyemkuta ni mtu wa Kerala, miaka ishirini yuko hapohapo na mashine yake ya kuchanganya. Kijana akamtajia namba. Fundi akauliza, kwa Kiarabu cha soko, "Gari gani? Land Cruiser?" Kijana akatoa Saladin mfukoni, imefungwa kwenye tishu.

Fundi alicheka mpaka akakaa. Halafu akaacha kucheka, akaigeuza, akaona ubawa wa tairi wa kushoto, akauliza nani kafanya hivi.

Sisi ndio tuliofanya. Wiki moja kabla, baada ya kijana kukiosha kile kijani, tulipuliza rangi ya kopo la gari moja kwa moja juu ya plastiki, na ubawa ukalainika kama samli juani. Nawaambia ili msirudie: rangi ya gari imechanganywa na thina kali, na modeli ni plastiki laini, viwili hivyo havikai pamoja. Fundi akatuambia, rangi msichukue. Akapaka namba 361 kwenye kipande cha kadi, akakikausha kwa bunduki ya joto, akatupa bure. Hiyo ndiyo rangi, akasema, nendeni mkaifananishe na rangi zenu za maji. Tangu siku hiyo kadi ile imebanwa kwenye friji, na tumechanganya tukilinganisha nayo, tone kwa tone, chini ya dirisha, si chini ya taa. Taa ya jikoni kwangu inageuza kila kitu manjano.

Tulipoipata sawasawa na kadi, kijana akaiharibu kwa makusudi kwa kuongeza nyeupe. Nikapiga kelele. Akanieleza kwamba kitu kidogo kikipakwa rangi ya kweli huonekana kimekoza kuliko kikubwa, na tena gari la ami lilikuwa limekaa juani miaka miwili. Sawa. Nyeupe ikaingia. Praima kwanza, msasa, puti kwenye ubawa ulioyeyuka, halafu rangi kwa brashi ya upepo, alfajiri, maana mchana Maskati rangi ya maji inakauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki na inatua kama unga.

Tukarudi kwa ami. Akalishika. "Rangi ndiyo hii," akasema, "lakini safi mno. Na vumbi lisiwe la pwani. Vumbi la kule nyuma ya jabali, Thumrait." Kazi yao ilikuwa kusindikiza misafara ya malori kwenye barabara ya Salalah kwenda Thumrait. Hayo ndiyo maneno mengi kabisa niliyowahi kuyasikia kwake kuhusu Dhofar, na niliyasikia kwa sababu ya rangi.

Mtoto wa shangazi anayefanya kazi Salalah akatuletea kichupa. Ukiweka vumbi la kweli juu ya modeli lazima ulichekeche mno: chembe ya nusu milimita, kwa kipimo cha 1/35, ni kokoto ya karibu sentimita mbili. Tulilichekecha kwa mtandio wangu, mara tatu, tukabakiwa na unga kama wa iliki. Unalipuliza kidogo kwenye magurudumu, kwenye kona za chini, kidogo juu, unalishika kwa gundi iliyozimuliwa na maji.

Ilibaki doa moja. Kwenye picha, tairi la katikati la kushoto ni jeusi kuliko mengine, na kashata za mpira wake zinaonekana kali. Mengine yamepauka. Siku zote tulidhani ni kivuli cha mmoja wa wale watu watatu. Kijana akapima: jua linatoka upande wa pili. Hakuna kivuli kinachoweza kuanguka pale. Alitaka kuuliza kabla ya kupaka, tukampigia ami simu.

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani laini imekatika.

"Hilo lilikuwa jipya," ami akasema. "Lile lake lilibaki njiani."

Walikanyaga bomu la ardhini. Saladin ina magurudumu sita, yote yanavuta, na hata likiondoka moja gari linaweza kuendelea. Liliendelea. Walifika kambini kwa matano. Dereva wao, Mbulushi, alitolewa mguu umeharibika, akapelekwa Salalah kwa helikopta, na ami hakumuona tena. Yule wa kulia kwenye picha, ambaye siku zote tulidhani ni dereva wa ami, ni dereva aliyekuja baada yake. Picha ilipigwa siku gari liliporudi kazini.

Tairi la katikati la kushoto likapakwa jeusi jipya, bila ya vumbi. Ni kosa dogo la makusudi kwenye modeli iliyopauka yote, na mtu asiyejua atasema kijana alisahau kumaliza. Kwenye mashindano lingemkosesha alama.

Tarehe 11 Disemba tulimpelekea baada ya Alasiri. Ami alilipapasa kuanzia nyuma, kwenye injini, akaja na kichwa, akaushika mtutu kwa vidole viwili, akashuka kwenye magurudumu, moja moja, akasimama kwenye lile. Kisha akaenda mbele kabisa, kwenye kidirisha cha dereva. Kijana alikuwa amekiunga kimefungwa, kwa sababu ndani hamna kitu, boksi halikuja na kiti wala usukani.

"Kifungue hiki," ami akasema. "Kulikuwa na joto sana mle."

Kijana akaomba kisu jikoni.